Sanrufu ya panorama imepasuka yenyewe, proforma moja ni karibu mara tatu ya nyingine. Tofauti inatoka wapi?

Dereva_wa_Zamu:

Habari zenu wakuu.

Nina SUV ya viti saba, ile yenye kioo juu kuanzia karibu na kioo cha mbele hadi usawa wa viti vya nyuma. Kioo chenyewe ni vipande viwili: cha mbele kinafunguka, cha nyuma hakifunguki. Juzi tuko barabara kuu, mwendo wa kawaida, mbele hakuna lori wala juu hakuna daraja, tukasikia mlio mkubwa juu ya vichwa. Mke wangu akadhani tairi. Nikatoka barabarani, kuangalia juu, kipande cha mbele chote kimekuwa chenga. Katikati pana tundu, na kingo za tundu zimevimba kuelekea nje. Pazia lilikuwa limefungwa, ndiyo salama yetu, ila sasa limebeba chenga kibao na kila tuta tukilipita nyingine zinadondoka.

Nimepeleka sehemu mbili. Wa kwanza kaandika mstari mmoja: "kubadili kioo cha paa, pamoja na ufundi". Hakuuliza hata namba ya chesisi. Wa pili kaniuliza namba ya chesisi, kaandika ukurasa mzima: sanrufu kamili, kushusha dari la ndani, klipu mpya, gundi, kukalibreti kamera (kuiweka sawa upya), ufundi wa siku mbili. Bei yake ni karibu mara tatu ya yule wa kwanza.

Sasa nashindwa kujua nani ananipiga na nani hajui kazi. Waliowahi kubadili hiki kioo, kwenye SUV au pikapu, nini hasa kinapandisha gharama? Na kioo kinapasukaje bila kuguswa?

Bati_Milele:

Pole mkuu. Ndiyo maana mimi nikinunua gari naangalia kwanza kama paa ni la bati. Tupia picha basi.

Fundi_Vioo:

Pole sana mkuu, na pole kwa shemeji kwa ule mshtuko. Vioo vya magari ndiyo kazi yangu, na siku hizi vya juu vinakuja kwa wingi kuliko zamani, kwa sababu karibu kila SUV mpya inavyo, na pikapu kubwa kama F-150, Ram 1500 na Tundra nazo zimeingia humo humo.

Hizo proforma zako si lazima kuna mtu anakupiga. Ni watu wawili wanaokuuzia vitu viwili tofauti. Wa kwanza anakuuzia kioo. Wa pili anakuuzia kioo pamoja na fremu, reli, kebo, mota na pazia, vyote vimefungwa pamoja kiwandani. Sisi tunaiita kaseti. Kwenye magari mengi kaseti haitoki kwa juu, inashushwa kwa ndani (yapo yanayoipokea kwa juu, lakini usihesabu kwamba lako ni hilo). Ili ishuke, dari lote la ndani lazima litoke. Hapo unazungumzia mishikio ya mikono, taa za ndani, vizuia jua, vifuniko vya nguzo zote na mikanda ya viti kwa juu. Eabegi za pembeni zimelala humo humo kandokando ya dari, kwa hiyo fundi mwenye akili anachomoa betri kwanza na kusubiri kabla ya kugusa chochote. Halafu hilo dari, kwa gari la viti saba, ni refu. Linatolewa kwa mlango wa nyuma na watu wawili, na likikunjika kidogo tu ule mkunjo haufutiki tena. Pesa ya ufundi inaenda huko, kioo chenyewe ni sehemu tu.

Sasa njoo kwenye kipande chako kilichopasuka. Kioo cha mbele kinachofunguka, kwa magari mengi, kimeshikwa na skrubu tu, nne hadi sita, za kichwa cha nyota. Unasogeza pazia nyuma, unazikuta pembeni kulia na kushoto, unafungua, unanyanyua kioo kutoka juu. Dari haliguswi. Gundi haihusiki kabisa. Kama gari ni safi, hiyo si kazi ya siku nzima.

Ila gari lako si safi, lina chenga, na hapo ndipo huyo wa mstari mmoja ananitia shaka. Ndani ya reli kuna grisi. Chenga ikiingia kwenye grisi haitoki kwa kupulizwa, inakaa palepale. Ukibonyeza swichi, kile kiatu cha plastiki kinachotembea ndani ya reli kinaikanyaga ile chenga, kinapasuka au kinakwama. Upande mmoja unakwenda, mwingine umesimama, kebo inaruka meno, na kuanzia sekunde hiyo wewe si mteja wa kioo tena, ni mteja wa kaseti. Nimepokea magari mengi yaliyofika kwangu hivyo, mtu kaambiwa "tujaribu kama bado inafunga". Kwa hiyo leo, kabla ya kumpigia yeyote: usiguse swichi ya kioo, usiguse ya pazia, na watoto wasifike karibu nazo. Kama una muda, chomoa fyuzi yake.

Mimi nikipata gari la namna hii naanza kwa kutandika shuka kwenye viti, navaa miwani, naondoa vipande vilivyosimama kwa mkono wenye glavu nzito, nikianzia kwenye kingo. Halafu mashine ya kufyonza yenye mdomo mwembamba, kwenye reli zote mbili, kwenye mfereji wa maji unaozunguka fremu, na kwenye mikunjo ya pazia. Grisi yote ya zamani naifuta kwa kitambaa mpaka kitambaa kitoke bila kumetameta. Natoa mota, nasukuma mitambo kwa mkono mbele na nyuma. Ikipita laini pande zote mbili kwa usawa, kaseti ni nzima na huna sababu ya kununua nyingine. Ikikwaruza, natafuta chenga iliyobaki. Ikikataa kabisa, ndiyo tunaongea habari ya kaseti. Mwisho namwaga maji kidogo kwenye kila kona ya mfereji na kuchungulia chini ya gari. Ile mirija ya kutolea maji inapita ndani ya nguzo, na chenga mbili tatu zinatosha kuiziba. Mvua ikija maji yanaishia kwenye zulia, na mwenye gari analaumu kioo kipya.

Usafi huo unakula saa nyingi kuliko kufunga kioo. Muulize wa kwanza kama umo kwenye bei yake. Muulize wa pili kama ameupima mtambo kwa mkono kabla ya kuandika kaseti, au ameandika tu.

Kukalibreti kamera: kamera iko kwenye kioo cha mbele cha gari, si cha paa, nyuma ya kioo cha kuangalia nyuma. Kubadili kipande cha juu kwa skrubu hakuigusi. Dari likishushwa, kifuniko chake na nyaya zinaweza kuguswa, na hapo baadhi ya watengenezaji wanataka ukaguzi, kwa hiyo mstari huo si wizi moja kwa moja. Ila bila dari kushuka haupaswi kuwepo. Kinachohitajika kwa kioo cha juu ni kumfundisha mota upya mwanzo na mwisho wake, ili ile kinga ya kutobana vidole ifanye kazi. Mara nyingi ni kushikilia swichi mpaka kioo kijifunge na kujifungua chenyewe, magari mengine yanataka kompyuta. Haina haja ya mstari wake kwenye proforma.

Kuhusu kupasuka. Chenga maana yake ni kioo cha tempa. Kinapashwa moto sana kisha kinapozwa ghafla kwa hewa, sura za nje zinabaki zimebana na katikati kumevutika. Kina nguvu, lakini siku ufa ukifika kule katikati chote kinaachia kwa mpigo. Ufa unaweza kuwa wa kokoto iliyogonga ukingo wiki zilizopita, fremu iliyopinda kidogo ikakibana kona moja, au punje ndogo ya salfaidi ya nikeli iliyobaki ndani ya kioo tangu kiwandani, hiyo hukaa hata miaka ndipo inapasua. Ule mpaka mweusi wa pembeni nao, ile rangi ya kauri iliyochomewa kwenye kioo, hupunguza uimara pale ulipo. Kuvimba kwenda nje hakuthibitishi lolote, ni upepo wa mwendo unavuta paa kwa juu.

Na si kwako tu. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi wa Kia Sorento za 2011 hadi 2013 kwa malalamiko kama haya. Mwaka mmoja kabla, Hyundai waliita Veloster za 2012 zirudi kwa sababu ya kioo cha juu kupasuka. Kwa hiyo weka namba yako ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari limeitwa. Kama limeitwa, proforma zote mbili ni za kutupa.

Piga picha kabla hujafagia. Kama kuna kona bado imesimama, angalia mhuri wake, utuletee.

Mama_Dabo:

Kaka pole. Mimi nina pikapu ya milango minne, na langu lilikuwa kinyume na lako: kipande cha NYUMA, kile kisichofunguka. Tawi liliangukia gari limeegeshwa. Hakikumwagika, kilipasuka mistari mistari kikabaki juu kimeshikamana, fundi akaniambia hiyo ni lamineti, vioo viwili na utando katikati. Nikafurahi nikidhani bei itakuwa ndogo kwa vile hakuna uchafu ndani. Wapi!

Kwanza kioo cha lamineti chenyewe ni ghali kuliko cha tempa. Pili, hakina skrubu, kimegandishwa na ile gundi nyeusi ya yurethani kama kioo cha mbele. Wakakata gundi kwa waya, huku wamebandika tepu rangi ya paa ili waya usiikwaruze. Keria ya juu ikabidi itoke, na vifuniko vyake viwili vikavunjika, vikaagizwa. Wakaacha ukoko mwembamba wa gundi ya zamani, wakapaka praima, gundi mpya, kioo kikawekwa na watu wawili wenye vikombe vya kunyonyea. Gari nililiacha kwao. Niliambiwa gundi inakauka kwa unyevu wa hewa kutoka nje kwenda ndani, milimita 3 au 4 tu kwa saa 24, kwa hiyo nisioshe gari kwa presha siku za mwanzo, na nikifunga mlango niache dirisha limeshuka kidogo, maana gari likiwa limefungwa kila mahali hewa ya mlango inasukuma kioo kwa juu.

La muhimu zaidi ni bima. Nina bima kubwa, na ndani yake kuna kipengele cha vioo ambacho hakinipunguzii chochote nikikitumia. Nilipodai wakaniambia kipengele hicho ni cha kioo cha mbele na vya madirisha, paa linahesabika kama mwili wa gari. Maana yake nililipa kile kiasi cha mwanzo ninachobeba mwenyewe, ambacho kwangu ni kikubwa. Kampuni nyingine zinakubali paa humo humo. Soma maneno yenyewe kwenye mkataba, usimsikilize wa simu. Na kama kiasi unachobeba kinakaribia bei ya yule fundi wa kwanza, piga hesabu kama inafaa kudai, usije ukapoteza punguzo lako la mwakani bure.

Spea_Mkononi:

Nimeuza hivi vioo. Nyongeza kidogo kwa wakuu waliotangulia.

Bila namba ya chesisi hakuna bei, kuna kubahatisha. Modeli moja, mwaka mmoja, unaweza kukuta vioo vitatu: cha rangi ya kawaida, cheusi zaidi, na chenye tabaka la kuzuia joto la jua. Wakati mwingine kiwanda kinabadilisha katikati ya mwaka, cha gari la Januari hakiingii kwenye gari la Septemba. Kuna na yale magari ambayo kioo kinageuka cheupe kwa kubonyeza kitufe. Hayo yana nyaya ndani ya kioo, usiulize bei umesimama.

Usafiri nao ni balaa. Kipande kirefu, kimepinda, chembamba. Boksi lake ni kubwa na la mbao, na wanakuchaji kwa ukubwa si kwa kilo. Fungua boksi mbele ya aliyeleta kabla hujasaini.

Na watu wanapenda kuuliza "cha kampuni nyingine hakipo?" Vioo vya mbele vipo tele, vinavunjika kila siku. Vya juu haviuziki kwa wingi, kwa hiyo wanaovitengeneza nje ya mtengenezaji wa gari ni wachache. Vikipatikana, mimi naona havina tatizo.

Fundi_Vioo:

@Spea_Mkononi kwa kipande cha nyuma cha gundi nakubaliana na wewe. Kwa cha mbele kinachotembea, hapana. Kikizidi mpindo kidogo tu, utakiona kona moja imenyanyuka hata ukirekebisha skrubu mpaka mwisho, na mteja anarudi na malalamiko ya mlio wa upepo. Hapo kilichookolewa kwenye kioo kinaliwa kwenye ufundi.

Dereva_wa_Zamu:

Asanteni sana, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Majibu:

Gari halijaitwa, nimeangalia. Swichi hatujagusa tangu siku ile, fyuzi nimechomoa leo. Kona ya nyuma kulia bado imesimama, mhuri una E ndani ya duara na 43R, na karibu na hapo kuna chenga mbili kubwa kuliko wenzake zimekaa ubavu kwa ubavu, nyufa zote zinatawanyika kutoka hapo. Nimepiga picha.

Wa kwanza nimempigia. Kioo chake ni cha mtumba, kutoka gari lililochinjwa. Wa pili anasema muuzaji wake hana kioo peke yake, anauza kaseti nzima tu, na mtambo hakuupima. Bima yangu haitofautishi, inasema "vioo vyote vya gari", ila wanataka picha na proforma yenye mchanganuo.

Mtumba niukubali? Na gari naweza kuliendesha huku nikisubiri?

Fundi_Vioo:

Hizo chenga mbili kubwa zilizokaa pamoja zitunze kwenye picha ya karibu, weka na sarafu pembeni ionekane ukubwa. Ndipo ufa ulipoanzia. Kama kungekuwa na kokoto, mara nyingi hapo ungeona kidonda, unga mweupe au shimo. Mtathmini wa bima akijua kazi ataelewa. 43R ni kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya usalama vya magari, kwa hiyo hata kioo kinachokuja hakikisha kina mhuri huo, kisikose.

Kaseti: muombe wa pili akuonyeshe mchoro wa spea kwa namba yako ya chesisi. Kwenye mchoro kila kitu kina namba. Kama kioo kina namba yake peke yake, kinauzwa peke yake, na huyo muuzaji wake hana tu stoo. Kuna magari ambayo kweli mtengenezaji hauzi kioo pekee, lakini hilo lionekane kwenye mchoro, lisiwe la kuambiwa.

Mtumba: kwa tempa naukubali kwa masharti. Kiwe cha namba ileile. Kioo nikione mwenyewe kabla ya kufungwa. Napitisha ukucha kwenye ukingo wote, taratibu, mzunguko mzima. Ukucha ukikwama mahali popote, hata kama jicho halioni kitu, nakirudisha. Jeraha la ukingoni ndilo linalopasua. Naangalia pia raba ya kuzunguka kioo, maana kwenye mengi imegandishwa kwenye kioo chenyewe na haiuzwi peke yake, ikiwa imekauka au imekatika umenunua mlio wa upepo. Na vile vishikio vya chuma vilivyogandishwa chini ya kioo visiwe vimepinda, gari lililochinjwa huenda lilipinduka.

Siku ya kuchukua gari usiridhike kwa kutazama. Funga kioo, pitisha kiganja kutoka bati kwenda kwenye kioo. Kwa mbele kioo kiwe sawa na bati au chini yake kwa unywele, kwa nyuma kiwe sawa au juu kwa unywele. Kikiwa juu kwa mbele kitapiga kelele ukikimbia. Halafu fungia kipande cha karatasi kati ya raba na paa, kivute. Kikitoka bila kugoma, raba haijabana hapo. Zunguka kona zote nne.

Kuendesha unaweza, taratibu, bila barabara kuu. Fyonza chenga za juu ya pazia kwanza bila kulisogeza, kisha funika kwa nailoni nzito ipite mpaka kwenye bati pande zote, mkunjo wa mbele uwe na tepu mbili ili upepo usiingie chini. Tepu iende juu ya bati safi na kavu, isiguse raba ya mlango.

Mama_Dabo:

Na tepu iwe ile ya wapaka rangi inayogusa bati, ile ngumu ya kufungia maboksi ije juu yake. Mimi ile ngumu ilipikwa na jua ikanitolea rangi ya paa, na bima hiyo hawakunilipa.

Dereva_wa_Zamu:

Nimewaelewa. Mchoro nimeshaletewa: kioo kina namba yake. Wa pili amekubali kuupima mtambo kesho na kuandika proforma upya, ya kamera ameitoa mwenyewe kabla sijauliza.

Bati_Milele:

Picha bado hatujaziona mkuu.